Sensa ya krenki

sensa ya krenki nomino [i-/zi-]. Wingi: *sensa za krenki*. Pia: *sensa ya mkao wa krenkishafti*, *kihisi cha mkao wa fitokombo*. Kifaa cha umeme kinachosoma mzunguko na mkao wa krenkishafti ya injini na kupeleka ishara kwenye kompyuta ya gari, ili kompyuta iamue ni lini plagi itoe cheche na ni lini nozeli inyunyize mafuta.

Mf. *Stata ilizungusha injini vizuri, lakini ishara ya sensa ya krenki haikufika kwenye kompyuta, hivyo gari halikuwaka.*

Istilahi hii ilifika gereji pamoja na magari yenye kompyuta. Injini ya kabureta yenye distributa ya zamani haikuwa na kifaa cha namna hii, wala injini ya dizeli yenye pampu ya kimakanika. Injini za leo, za petroli na za dizeli, haziwezi kufanya kazi bila kujua krenkishafti imefika wapi katika mzunguko wake. Kwa hiyo msamiati wa kifaa hiki, na hasa namna hitilafu yake inavyotajwa, unaamua mwenye gari atalipia nini.

Sensa, kihisi, mkao

Neno *sensa* lina maana mbili zisizo na undugu. Moja ni hesabu ya watu, kama katika Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022. Nyingine ni hiki kifaa. Maneno yote mawili yamepitia Kiingereza, lakini asili zake katika Kilatini ni vitenzi tofauti: kimoja cha kukadiria na kuorodhesha, kingine cha kuhisi. Sauti za Kiswahili ndizo zilizoyakutanisha, na ngeli ikawa moja. Muktadha huondoa utata. Hakuna anayedhani kwamba karani wa sensa anakuja kufungua boneti.

*Kihisi* limetokana na kitenzi *hisi*, chenye asili ya Kiarabu, kwa kiambishi *ki-* cha vifaa. Wapo wanaolipendelea kwa sababu ya usafi wa asili. Sababu hiyo ni dhaifu, kwa kuwa *hisi* nalo ni neno la mkopo. Faida yake ya kweli ni ya kisarufi: *kihisi* na *vihisi* huonyesha idadi ndani ya nomino yenyewe, ilhali *sensa* haibadiliki. Agizo *badilisha sensa* halisemi kama ni moja au ni tatu, wala halisemi ni ipi kati ya nyingi zilizomo katika injini moja. Katika maandishi ya kazi, *sensa* isiachwe peke yake. Jina la sehemu inayosomwa lifuate: *sensa ya krenki*, *sensa ya kamu*, *sensa ya joto la maji*.

Baadhi ya tafsiri huandika *sensa ya nafasi*. Tafsiri hiyo ni ya kuepukwa. *Nafasi* hutaja uwazi, wasaa na fursa, na katika kazi hii upo uwazi halisi unaopimwa, yaani mwanya kati ya ncha ya sensa na gurudumu la meno. Msomaji wa *pima nafasi ya sensa* atachukua kipimo cha mwanya ilhali mwandishi alikusudia pembe ya krenkishafti. *Mkao* kwa pembe na *mwanya* kwa uwazi ni jozi isiyogongana.

Kuhusu *krenkishafti* na *fitokombo*, neno la pili limeundwa vizuri kwa kuunganisha *fito* na *kombo*, nalo linafaa katika vitabu vya kufundishia. Hata hivyo, katika duka la vipuri neno linaloeleweka ni *krenki*, na mtu anayetaka kipuri sahihi atasema *krenki*.

Jino na pengo

Penye krenkishafti, ama kwenye puli ya mbele, ama karibu na flaiwili, ama katikati ndani ya bloku, hufungwa gurudumu la chuma lenye meno. Sensa hukaa mbele yake bila kuligusa. Kila jino linapopita, ishara moja hutoka. Kama meno yote yangekuwa sawa, kompyuta ingejua kasi tu, bila kujua mzunguko umeanzia wapi; ndiyo maana meno machache huondolewa makusudi. Mpangilio ulioenea ni wa sehemu 60 ambazo 2 kati yake hazina meno, kila sehemu ikiwa nyuzi 6 za duara. Injini nyingi za Toyota hutumia sehemu 36 zenye meno 34.

Hapa Kiswahili hakihitaji kukopa. *Pengo* ni mahali palipotoka jino, na hilo ndilo jina kamili la sehemu hiyo ya gurudumu. Pengo linapopita mbele ya sensa, ishara hukatika kwa kitambo kifupi, na kompyuta hupata alama ya kuanzia kuhesabu. Jino la ziada likivunjika wakati wa kushusha gia boksi, gurudumu hupata pengo la pili lisilotarajiwa. Hesabu huvurugika, injini humisi au hukataa kuwaka, na sensa mpya haitasaidia chochote.

Sensa zenyewe ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ina sumaku na koili. Jino linapopita, uga wa sumaku hubadilika na koili huzalisha umeme wake yenyewe, wa mkondo geu, unaoongezeka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Aina hii kwa kawaida ina nyaya mbili, na pengine wa tatu wa kinga dhidi ya mwingiliano wa umeme. Ya pili hutumia kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Hiyo huhitaji kulishwa umeme, kwa kawaida volti 5 au 12, ina nyaya tatu, na ishara yake hupanda na kushuka kwa ngazi bila kutegemea kasi. Kuhesabu nyaya kunasaidia lakini hakutoshi, kwa sababu ya ule waya wa kinga; mchoro wa umeme wa injini husika ndio unaotoa jibu.

"Kosa la sensa"

Mashine ya kusomea hitilafu inapochomekwa huonyesha msimbo kama P0335. Herufi P hutaja injini na mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu; 0 huonyesha kwamba msimbo ni wa pamoja kwa watengenezaji wote; 3 hutaja eneo la uwashaji na kumisi. Maana rasmi ya msimbo mzima ni hitilafu katika *saketi* ya sensa ya krenki. P0336 husema ishara ipo lakini haiko katika kiwango au mpangilio unaotarajiwa. P0339 husema ishara inakatikakatika.

Saketi ni pana kuliko sensa. Ndani yake mna sensa, soketi, nyaya, umeme unaoilisha, waya wa ethi, na mlango wa kompyuta unaopokea ishara. Lakini maelezo hayo yanapotoka mdomoni mwa msomaji wa mashine huwa *kosa la sensa ya krenki*, na hapo sarufi huchangia hasara.

Kihusishi *-a* cha Kiswahili hubeba mahusiano mengi bila kuyatofautisha. *Picha ya Asha* ni picha aliyoipiga, anayoimiliki, au inayomwonyesha. Vivyo hivyo *kosa la sensa* linaweza kuwa kosa lililomo ndani ya sensa, kosa linalohusu sensa, au kosa lililoripotiwa kwa njia ya sensa. Mwenye gari husikia maana ya kwanza, ananunua sensa, na gari linazima tena njiani usiku likiwa na abiria. Fundi hakudanganya. Alitumia kihusishi kilichoruhusu maana iliyo nyembamba kuliko aliyoisoma.

Katika taarifa ya maandishi inapendekezwa *hitilafu katika saketi ya sensa ya krenki*, au *ishara ya sensa ya krenki haifiki kwenye kompyuta*. Kauli *sensa imekufa* ni ya kawaida gereji na haina ubaya wowote, mradi isemwe baada ya kupima. Kabla ya hapo ni hukumu iliyotangulia ushahidi.

Maneno ya mwenye gari

Uchunguzi huanza kwa kusikiliza, na maneno matatu huhitaji kuulizwa zaidi kabla ya boneti kufunguliwa.

*Haliwaki.* Kitenzi hiki hukusanya hali mbili zilizo mbalimbali: stata haizungushi injini kabisa, au inazungusha lakini injini haishiki. Hali ya kwanza kwa kawaida ni shauri la betri, stata na nyaya zao, na sensa ya krenki haihusiki. Ni hali ya pili inayoielekea. Swali moja, *stata inazungusha?*, huokoa nusu saa.

*Moto.* Kwa mwenye gari, *likipata moto linazima* ni habari ya joto. Kwa fundi, *plagi hazipati moto* ni habari ya umeme. Taarifa moja ikiyabeba yote mawili, msomaji wa pili atapotea. *Joto* na *cheche* hazina utata huo. Habari ya joto ina uzito wake: injini inayozima ikiwa imepata joto, ikakataa kuwaka, kisha ikawaka baada ya kupoa, hutoa moja ya dalili zinazojulikana sana za sensa ya krenki yenye koili iliyoanza kukatika ndani. Waya mwembamba wa koili hutanuka kwa joto na kuachana, kisha hurudi na kugusana. Pampu ya mafuta na koili za plagi nazo huweza kuleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo ni kielekezo tu.

*Linazima.* Je, linazima ghafla kama lililozimwa kwa ufunguo, au linafifia na kukohoa kwanza? Kuzima kwa ghafla huelekeza kwenye umeme na ishara. Kufifia huelekeza zaidi kwenye mafuta. Kuna jambo moja la kuangalia ambalo mwenye gari anaweza kuliona mwenyewe: mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Katika magari mengi mshale huo hupata habari zake kutoka sensa ya krenki. Ukianguka kwenye sifuri wakati gari bado linaserereka na gia imo, au usipotikisika kabisa stata inapozungusha, ishara inashukiwa.

Namna ya kuchunguza

Betri hupimwa kwanza, hata kama inaonekana haihusiki. Sensa ya koili huzalisha umeme kulingana na kasi, na stata inayozungusha kwa uvivu huzaa ishara dhaifu ambayo kompyuta haiitambui. Gari lenye betri iliyochoka linaweza kuandika msimbo wa sensa iliyo nzima.

Kisha mashine ya kusomea huachwa ikionyesha mizunguko ya injini moja kwa moja huku stata ikizungusha. Kasi ya kawaida ya stata ni kati ya mizunguko 150 na 300 kwa dakika. Kioo kikionyesha namba ya kiasi hicho, ishara inafika, na chanzo cha kutowaka kitafutwe kwingine. Kikibaki sifuri, haijafika, lakini bado haijulikani imekwama wapi. Kompyuta nyingi hukata pia umeme wa pampu ya mafuta zisipoona krenkishafti ikizunguka. Fundi asiyejua hilo hukuta pampu kimya, akaibadilisha pampu.

Hatua ya macho huja kabla ya mita, na mara nyingi ndiyo inayomaliza kazi. Soketi hufunguliwa na kuangaliwa kama ina oili, kutu au pini iliyorudi nyuma. Nyaya hufuatwa kwa mkono hadi pale zinapopita karibu na ekzosi au mkanda, kwa maana huko ndiko huungua na kuchubuka. Sensa ikitolewa, ncha yake huangaliwa kama imeshika unga wa chuma: sumaku hukusanya vumbi hilo, nalo hudhoofisha ishara. Gurudumu la meno hukaguliwa lote kwa kuzungusha injini kwa spana. Mwanya kati ya ncha na jino kwa kawaida huwa karibu milimita 1, ukizidi au kupungua kidogo kwa kufuata kitabu cha gari. Inafaa pia kuuliza ni kazi gani iliyofanywa mwisho. Hitilafu iliyoanza siku moja baada ya kubadilisha klachi au mkanda wa taimingi kwa kawaida ina chanzo kilichoachwa na kazi hiyo.

Vipimo vya mita hutegemea aina. Kwa sensa ya koili, swichi ikiwa imezimwa na soketi imechomolewa, hupimwa ukinzani kati ya pini zake mbili. Namba sahihi hutofautiana mno: injini moja hutaka mamia ya omu, nyingine hutaka zaidi ya omu 2,000, kwa hiyo kipimo kisicho na kitabu cha injini husika ni kubahatisha. Yasiyohitaji kitabu ni mawili: ukinzani usio na mwisho ni koili iliyokatika, na ukinzani ulio karibu na sifuri ni koili iliyojigusa. Kila pini hupimwa pia dhidi ya bodi la sensa, na hapo hapatakiwi kuwa na mgusano wowote. Baada ya hapo mita huwekwa kwenye volti za mkondo geu, stata ikazungusha, na volti huonekana zikipanda kutoka sifuri. Uwashaji na mafuta vizuiwe kwanza ili injini isishike, na mikono iwe mbali na mikanda.

Ukinzani mzuri wa sensa baridi hauthibitishi uzima. Kwa gari linalozima likipata joto, sensa hupashwa kwa kikaushia nywele huku mita ikisoma. Namba ikiruka ghafla hadi kusiko na mwisho, jibu limepatikana mezani bila kusubiri gari lizime barabarani.

Sensa ya kanuni ya Hall haipimwi ukinzani. Ndani yake mna saketi ya kielektroniki, na namba itakayotoka haina maana. Umeme wa mita wenyewe unaweza kuidhuru. Kinachopimwa ni upande wa soketi swichi ikiwa imewashwa: waya wa kulisha uwe na volti zake, waya wa ethi uwe na ethi ya kweli, na waya wa ishara, katika magari mengi, uwe na volti zinazotoka kwenye kompyuta. Soketi isipolishwa umeme, sensa mpya italala kama ya zamani. Ikilishwa vizuri, sensa huchomekwa tena na injini huzungushwa polepole kwa spana. Ishara iruke kati ya karibu sifuri na karibu volti kamili jino kwa jino. Mita ipewe mguso kwa nyuma ya soketi. Kutoboa ngozi ya waya kwa sindano ni kuukaribisha unyevu, na miezi michache baadaye huzaa hitilafu nyingine.

Nyaya za kwenda kwenye kompyuta hupimwa betri ikiwa imechomolewa, zikitikiswa wakati wa kipimo. Hitilafu inayokatikakatika hujificha waya unapotulia. Mwenye osiloskopu hufupisha safari yote hii, kwani kioo humwonyesha meno yote na pengo kwa pamoja, na jino lililovunjika huonekana kama ukimya mahali pasipostahili.

Krenki na kamu

Maboksi ya vipuri huandikwa CKP kwa sensa ya krenki na CMP kwa sensa ya kamu, yaani ya kamshafti. Herufi moja ya katikati imekwisha kusababisha manunuzi mengi ya bure. Krenkishafti huzunguka mara mbili kila kamshafti inapozunguka mara moja, kwa hiyo sensa ya krenki pekee haiwezi kuiambia kompyuta kama pistoni iliyofika juu iko katika kubana au katika kutoa moshi. Sensa ya kamu ndiyo inayojibu swali hilo. Ikikosekana, injini nyingi huendelea kuzunguka au huwaka kwa kuchelewa, na msimbo huwa P0340. Ikikosekana ya krenki, injini nyingi huzima, ingawa baadhi huweza kujikokota kwa msaada wa ishara ya kamu.

Msimbo P0016 hustahili kutajwa peke yake, kwa sababu hutaja krenki na kamu kwa pamoja na kuwavuta watu kununua sensa mbili. Maana yake ni kwamba ishara zote mbili zinafika lakini hazipatani. Kinachoshukiwa hapo ni cheni ya taimingi iliyolegea au mkanda ulioruka jino, na katika injini zenye kamshafti inayobadilisha pembe, mfumo wa oili unaoiendesha. Kuendesha gari katika hali hiyo kunaweza kuzigonganisha pistoni na valvu katika injini ambazo hazina nafasi ya kutosha kati yao. *Taimingi imeruka* na *sensa imekufa* zisibadilishane katika taarifa, kwa kuwa gharama ya kuchanganya hizi mbili si bei ya sensa bali ni ya silinda hedi.

Baadhi ya magari, sensa ya krenki inapobadilishwa, huhitaji kompyuta *kujifunza upya* tofauti ndogo za meno ya gurudumu kwa kutumia mashine ya kusomea. Kazi hiyo isipofanyika, taa ya injini huweza kurudi ingawa sensa ni mpya na nyaya ni nzima. Katika hati ya kazi iandikwe *kompyuta haijajifunza upya*, wala si *sensa mpya ni mbovu*.